Mrejesho: Mama aliyepinda mdomo, Mikindani

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu mama yangu wa Mikindani aliyeamka mdomo umevutika kulia na jicho la kushoto halifumbi. Majirani wengine wakasema katupiwa jini, wengine kiharusi. Asanteni sana mliosisitiza hospitali upesi.

Daktari alimwambia, "Mama, hebu inua nyusi." Paji upande wa kulia likakunjamana, kushoto likabaki laini kabisa. Kiharusi kwa kawaida huliacha paji likifanya kazi, kwa hiyo akashuku neva ya 7 ya fuvu, inayoendesha misuli ya uso. Mikono na miguu ilikuwa na nguvu. Akachungulia sikio kama kuna malengelenge ya mkanda wa jeshi, akapima sukari na VVU. Vyote salama. Ni kupooza kwa Bell, yaani neva hiyo hudhoofika ghafla na upande mmoja wa uso unalegea.

Kapewa prednisolone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Jicho ndilo lililonitia hofu: matone mchana, malhamu usiku, kisha tunalifumba kwa plasta, maana likikauka kioo chake huweza kupata kidonda. Msilipuuze hilo jamani!

Sasa linafumba karibu lote, na chai haimwagiki tena pembeni mwa mdomo. Kliniki tunaendelea.