Shule za serikali Kampala: nani anaziendesha, na nani anasema ipi ni bora?

Mama Neema (Kireka):

Wapendwa habari zenu, shikamooni wakubwa wote. Sisi tumehamia Kireka kutoka Mwanza, baba watoto kapata kazi kwenye malori, na mkubwa wetu alikuwa darasa la tano shule ya serikali kule nyumbani. Nimezunguka mtaa mzima, shule kibao, kila geti lina bango la picha za watoto wamevaa tai na maandishi makubwa agrigeti 4, agrigeti 5, sijui ndio nini. Nikiuliza majirani naambiwa hii ni ya kanisa, ile ya serikali, nikiuliza tena mtu mwingine naambiwa hiyo ya kanisa ndiyo ya serikali, nimechoka. Naomba msaada: shule ya serikali hapa iko chini ya nani hasa, ni bure kama nyumbani au kuna namna, na serikali yao inatangaza wapi shule zinazofanya vizuri? Maana sisi tumezoea kumi bora ya NECTA, baraza la mitihani la kwetu Tanzania.

Otieno (Ntinda):

Karibu Kampala mama. Kumi bora si hata kwenu waliifuta? Januari 2023 NECTA walisema hawatangazi tena shule bora wala mwanafunzi bora. Kenya nayo serikali ilipiga marufuku hiyo ranking 2014 watu wakapiga kelele sana. Hapa serikali haipangi shule namba, wanaopanga ni magazeti. Na bure ni bure ya kwenye karatasi, utaona mwenyewe ukifika dirisha la basa, yule mshika fedha wa shule. Ngoja wazee wa mji waje wakuelezee.

Mzee Kombo (Kibuli):

Marahaba Mama Neema, karibuni sana. Nitajibu kirefu maana swali hili linarudi kila Januari na kila mtu anajibu nusu.

Kwanza itoe kichwani picha ya nyumbani. Kwetu Nyerere alipotaifisha shule kwa sheria ya 1969 mambo yakaisha, Pugu ilikuwa St. Francis ya Wakatoliki, Mwalimu mwenyewe kafundisha pale, ikawa ya serikali na mapadri wakabaki na kanisa lao. Hapa haikwenda hivyo. Baada ya uhuru serikali ilichukua mishahara, mtaala na mitihani, lakini waanzilishi hawakutolewa nje, ardhi mara nyingi bado ni yao, na sheria ya elimu ya 2008 inawatambua kabisa kwa jina la faundesheni bodi. Kwa hiyo utakuta shule ina Mtakatifu mbele ya jina, kanisa lipo ndani ya uwanja, na walimu wanalipwa na serikali. Namilyango ya Wakatoliki tangu 1902, Budo ya Waanglikana tangu 1906, hii Kibuli yetu Waislamu hapa kilimani kwenye ardhi aliyoitoa Prince Badru Kakungulu, zote zinaitwa gavamenti eidedi, yaani zinasaidiwa na serikali. Majirani zako hawakukudanganya, wote wawili wamesema kweli.

Sasa nani bosi. Shule ya msingi ni mali ya wilaya kiutawala. Mwalimu anaajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya, wakaguzi wa kila siku ni wa wilaya, na mkubwa wao ni afisa elimu wa wilaya, watu wote wanamwita DEO. Sekondari ni habari nyingine, iko wizarani moja kwa moja na walimu wake wanatoka Tume ya Utumishi wa Elimu. Wewe wa Kireka upo Wilaya ya Wakiso, Manispaa ya Kira, kwa hiyo ofisi yako ni ya afisa elimu wa manispaa. Ukisogea kidogo tu kuelekea mjini, Banda, umeshaingia KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na hapo elimu ina kurugenzi yake ya jiji. Nalisema hili kwa sababu watu wanapanda boda mpaka City Hall na malalamiko ya shule ya Kireka, wanasikilizwa kwa adabu zote halafu wanaambiwa warudi walikotoka.

Ndani ya shule yenyewe kuna kamati, msingi inaitwa kamati ya uendeshaji, sekondari inaitwa bodi ya magavana. Mwenyekiti anatoka upande wa waanzilishi, halafu wapo wawakilishi wa wazazi, walimu, serikali ya mtaa na waliosoma hapo zamani. Wageni wengi hawaijui hii kamati, wanapambana na hedimasta peke yake wakati bajeti yake inapita kwenye meza ya kamati. Ukitaka kuijua shule, muulize mzazi yeyote mwenyekiti ni nani na mara ya mwisho waliitisha mkutano lini. Akikuangalia tu bila jibu, basi umeshajibiwa.

Otieno (Ntinda):

Hapo kwa walimu ndio mimi hunishangaza, kwetu Kenya TSC moja, tume ya walimu, huajiri kila mwalimu wa serikali kutoka Mombasa hadi Turkana, huku kila wilaya na tume yake. Mwalimu wa primary akitaka kuhama kufuata mume wilaya nyingine ni safari.

Mama Neema (Kireka):

Asante sana Mzee wangu, nimeelewa kanisa na serikali. Ila la hela na la ubora bado.

Mzee Kombo (Kibuli):

La hela fupi. Elimu ya msingi kwa wote, UPE, ilianza 1997, ya sekondari USE ikaanza 2007, na kisheria shule ya UPE haitakiwi kumtoza mtoto ada. Lakini sheria hiyohiyo inasema chakula, sare na usafiri ni juu ya mzazi, na inaruhusu michango ya hiari. Hapo kwenye hiari ndipo gari linapopita. Kuna hela ya uji, hela ya mlinzi, hela ya mtihani wa mazoezi, halafu wanakupa karatasi ya rikwayamenti, orodha ya vitu vya kuleta, rimu ya karatasi, fagio mbili, toileti pepa, sabuni. Za mjini kama Buganda Road na Nakasero ni za serikali kabisa na wazazi wanagombania nafasi, usitegemee kuingia pale mikono mitupu. Na zile sekondari kongwe zenye majina, serikali inalipa walimu, ila USE hazimo na ada ya bweni ni juu yako, inaweza kukutoa jasho kuliko praiveti. La ubora namwachia Farida, yeye yupo jikoni.

Farida (Bweyogerere, mwalimu wa P6 na P7):

Haya mmenitaja. Mama Neema za kwako, pole na uhamisho.

Serikali ya hapa haina cheo cha shule bora, hakuna nyota wala bendera ambayo wizara inaitundika getini. Kuna mtihani. Mtoto anamaliza darasa la saba, P7, anafanya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, mwezi wa 11, masomo manne, Kiingereza, hesabu, sayansi na sosho, yaani maarifa ya jamii. Kila somo anapewa alama kutoka 1 ambayo ndiyo nzuri mpaka 9 ambayo ni kufeli, zinajumlishwa, kwa hiyo bora kabisa ni 4 na hiyo ndiyo agrigeti 4 ya kwenye mabango. Kuanzia 4 mpaka 12 ni divisheni wani, wenyewe wanaita fasti gredi. Matokeo ya PLE kwa kawaida yanatoka Januari, UNEB, baraza la mitihani la hapa, wanatangaza kwa nchi nzima, asilimia za kila divisheni, wavulana na wasichana, wanataja na matokeo yaliyozuiliwa kwa udanganyifu, basi. Jina la shule ya kwanza hawatoi. Kesho yake magazeti yanakuja na kurasa na kurasa za majedwali waliyojitengenezea, na hizo ndizo tunazobandikwa sisi walimu usoni mwaka mzima.

Jedwali lisome hivi. Macho yatoke kwenye safu ya divisheni wani, yaende kwenye idadi ya waliofanya mtihani. Shule ya praiveti yenye watoto 38 wote fasti gredi inakaa juu ya shule ya serikali yenye watoto 240 ambao 90 ni fasti gredi, kwa asilimia ni haki yake kukaa juu, lakini hizi ni kazi mbili tofauti (mfano tu huo, msiende kuitafuta). Halafu shuka mpaka divisheni foo na U, yaani waliofeli, uone wale wa chini wameachwa wapi, maana mtoto wako anayetoka kusoma kwa Kiswahili ataanzia huko chini, hutaki shule inayojua kulea wa juu tu. Angalia na X, ni wale waliosajiliwa wasitokee. Na muulize hedimasta swali moja bila kuzunguka: watoto wote wa P7 wa hapa wanafanyia mtihani hapa hapa? Kwa sababu kuna mchezo wa kuwasajili wazito kwenye kituo kingine ili jedwali la shule libaki safi. Wizara inaukemea na bado upo.

Serikali inapotambua kufaulu inamtambua mtoto, shule inafaidika kwa nyuma. Baada ya matokeo wakuu wa sekondari wanakutana Lugogo kwenye ukumbi wa maonyesho, wanachagua watoto wa S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, kutokana na chaguo alizojaza mtoto wakati wa usajili, na zile kongwe mwisho wao wa kuchukua ni agrigeti 4 au 5 au 6. Ukifika chuo kikuu kuna zile nafasi 4,000 za kulipiwa na serikali, nyingi kwa alama na sehemu nyingine kwa mgawo wa wilaya ili mtoto wa Karamoja asimezwe na watoto wa Wakiso na Kampala. Kwa hiyo unajua shule inayolisha hizo njia inavyoheshimika, na unajua kwa nini P7 wa shule nyingine ninazozijua yuko darasani saa kumi na moja na nusu alfajiri na Jumamosi pia. Mimi hilo silipendi na nimelisema kwenye kikao mbele ya wazazi, wazazi ndio waliokasirika. Kuchapa nako ni marufuku, imo kwenye sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016, ukiona fimbo una haki ya kuuliza.

Sekondari huko mambo yamebadilika, mtaala mpya ulianza na S1 wa 2020, na UCE, mtihani wa S4, ya kwanza ya mtaala huo ilikuwa 2024. Hakuna divisheni tena, ni herufi A mpaka E kwa kila somo, na 20 katika kila 100 inatokana na kazi za darasani. Wenye mabango wamepata shida kidogo, afadhali.

Kuhusu mwanao. Kule alikuwa la tano lakini hapa kuanzia P4 kufundisha ni kwa Kiingereza, watamfanyia intavyuu na nina uhakika nusu ya shule zitakwambia aingie P4. Usikasirike haraka. Sosho ya P4 ni wilaya, P5 ni Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 Afrika. Akirukia P6 atafurahia Ziwa Victoria na Kilimanjaro, ila mtihani wa mwisho utamuuliza na vya P5 ambavyo hajavisoma. P4 au P5, zaidi ya hapo hapana. Kiswahili chake kizuri hakitamsaidia kwenye PLE hata alama moja, baraza la mawaziri 2022 lilipendekeza kiwe lazima mashuleni lakini mtihani bado masomo ni yale manne.

Baraka (Katwe, wa Bunia):

Jambo wandugu. Naongeza kwa wale wenye kutoka Congo, kama uko na karatasi ya ukimbizi sheria ya 2006 inasema mtoto wako kwa shule ya msingi ni sawa na mtoto wa hapa, wasikuambie bei ya mgeni. Mimi waliniomba, nikaenda na kopi ya karatasi kwa afisa elimu, ikaisha. Beba kopi, original usiache kwao.

Mama Neema (Kireka):

Mungu awabariki jamani, leo ndio nitalala nikiwa na akili. Mwl Farida, kwa hiyo sisi tusio wakimbizi tunatakiwa kuwa na nini? Na ripoti zake za Mwanza ni za Kiswahili, zitakubalika?

Farida (Bweyogerere):

Pasipoti ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, na pasi ya mwanafunzi kutoka uhamiaji, iombe mapema maana bila namba ya kumtambulisha mgeni shule inapata shida kumwingiza kwenye mfumo wa wizara, kila mwanafunzi anapewa namba yake humo, LIN. Ripoti za Kiswahili zipeleke, waombe na barua ya uhamisho kutoka shule ya Mwanza yenye muhuri. UNEB huwa wanalinganisha matokeo ya nje lakini hiyo ni ya mitihani ya taifa, kwa la tano huihitaji, utaihitaji ukileta mdogo wako wa fomu foo. Na nenda wiki hii, siyo wiki ya kwanza ya muhula, siku hizo hedimasta hana hata muda wa kunywa chai.

Otieno (Ntinda):

Na fagio ununue Kireka sokoni, usinunue kwa duka la mbele ya geti, hao hupandisha bei mara mbili wiki ya kufungua.