Mwaka wa maandalizi kabla ya udaktari ng'ambo: mliopitia, tupeane uzoefu

Mama Zulfa, Kisauni: Asalaam aleikum jamani. Binti yangu amemaliza fomu foo, alama za baiolojia na kemia anazo, na moyo wote uko kwenye udaktari. Ana barua mbili mezani. Ya kwanza ni ya Urusi: mwaka mzima wa maandalizi, kisha miaka sita kwa Kirusi. Ya pili ni huko huko Urusi, chuo kingine, anaingia mwaka wa kwanza moja kwa moja kwa Kiingereza. Babake asema huo mwaka wa ziada ni karo ya kupotea bure. Mimi roho yasita. Semeni, matamu na machungu.

Bin Likoni: Mama, mimi nilipita podfak, ndivyo wanavyoyaita hayo maandalizi. Mwanzo ni Kirusi tupu asubuhi hadi jioni, halafu kemia, baiolojia na fizikia zinaingia kwa lugha hiyo hiyo. Siku moja mwalimu aliandika "kletka" ubaoni, akatuambia tuchore. Kamusi yangu ya mfukoni ikasema tundu la ndege. Nikachora tundu, na kasuku ndani, na kibuyu cha maji. Kumbe neno hilo hilo ndilo seli! Mwalimu alicheka hadi akatoa miwani kufuta machozi.

Wenzangu waliosoma kwa Kiingereza walinicheka miaka miwili. Mwaka wa tatu tukaingia wodini. Ajuza wa pale hajui Kiingereza hata cha salamu. Mimi namuuliza tumbo limeanza kuuma lini, wao wanatafuta mtu wa kuwatafsiria. Baridi siisemi, hiyo mshaisikia.

Wa Kibokoni: Mimi ni Uturuki. Udhamini wa serikali yao una mwaka wa Kituruki ndani yake, kwa hivyo sikuwa na la kuchagua. Nilidhani nitateleza tu, maana kitap, saat, sabun, asker, yote tunayo kwetu. Wiki ya kwanza nikamwambia mwenye nyumba mimi ni "misafir", nikidhani nimesema msafiri. Kwao ni mgeni. Alinipikia siku tatu mfululizo, nami nala tu. Lakini kufika C1, kiwango cha juu cha lugha, si mchezo, nilikaribia kurudi Mombasa na begi langu.

Mjomba wa Majengo: Ujerumani nako hakuna mjadala. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulituondolea fomu five na six, kwa hivyo KCSE ya fomu foo peke yake haimuingizi mtoto udaktari. Wetu alipita Studienkolleg, chuo chao cha maandalizi, kozi ya M ya wanaoelekea udaktari, mwaka mmoja, na hata kuingia huko kuna mtihani kwa Kijerumani. Kilichotutoa jasho ni akaunti ya viza: yuro 11,904 zilale benki. Tuliuza kiwanja.

Hajutii: Mimi nilikwenda moja kwa moja, Uchina, kwa Kiingereza. Pesa za mwaka mmoja nilizookoa zililipia mwalimu wa Kichina wa usiku. Kama mtoto ana nidhamu ya kujisukuma, yawezekana. Kama anahitaji kuamshwa, mpeleke maandalizi.

Aliyeliwa: Angalieni mawakala. Mmoja wa hapa mjini alituuzia "foundation" ya miezi sita, cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Chuo kikakikataa. Kabla hujatoa shilingi, kiulize chuo chenyewe kama kinayatambua maandalizi hayo, na uwaulize KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kama wanakitambua chuo. Ukirudi na digrii ya nje kuna mtihani wao kabla ya kuanza internship.

Mama Zulfa: Nimemsomea babake yote. Amenyamaza, kisha akauliza, "Huyo wa kasuku, karo alilipa yote pamoja?"

Bin Likoni: Mara mbili, mama. Ya pili ilinikuta katikati ya baridi, sina kitu. Mzee aiweke kando mapema. Na mtoto abebe pilipili ya unga, nyingi.