Vibarua wa mkandarasi wahesabiwe wapi katika taarifa ya uendelevu ya kampuni ya umeme?

Afisa_Kaskazini aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Nafanya kazi katika ofisi ya rasilimali watu ya kampuni ndogo ya kusambaza umeme kaskazini mwa Uganda, na mwaka huu nimekabidhiwa kazi ambayo hapa kwetu haijawahi kufanywa, yaani kuandaa taarifa yetu ya kwanza ya uendelevu. Benki inayotukopesha imetaka tufuate viwango vya GRI, ambavyo ni vya kimataifa vya kueleza athari za kampuni kwa watu na mazingira, na mkaguzi wetu akaongeza kwamba tuvisome pia viwango vya IFRS S1 na S2 vya taarifa za uendelevu na tabianchi kwa wawekezaji, vilivyotolewa Juni 2023.

Kinachonikwamisha ni hesabu ya watu. Waajiriwa wetu wenye mikataba ni 120, na saa zao zote zimo katika mfumo wa mishahara. Lakini wanaochimba mashimo, kusimamisha nguzo, kuvuta nyaya na kufyeka njia ya laini ni vibarua wa wakandarasi wawili, ambao katika vitabu vyetu hawaonekani popote isipokuwa kwenye ankara, nayo ankara imeandikwa kwa kilomita za laini wala si kwa vichwa au saa. Mwaka jana tulikuwa na ajali sita zilizohitaji matibabu ya hospitali. Moja ilimpata mwajiriwa wetu, tano ziliwapata vibarua. Mkuu wangu anasema hizo tano ni za mkandarasi na hazituhusu. Nafsi yangu inakataa, ila sina hoja ya kumwekea mezani.

Nina maswali mengine mawili madogo. Katikati ya mwaka tulipokea kikosi kizima cha mafundi kutoka kampuni nyingine: je, nalinganishaje takwimu za mwaka huu na za mwaka jana? Na kwa kuwa umeme tunaouza karibu wote ni wa maji, naweza kuandika sifuri kwenye hewa ukaa?

Mzee_wa_Jinja alijibu:

Dada, nafsi yako imekuelekeza vizuri. Nilikuwa upande wa usalama kazini katika mitambo ya umeme wa maji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ubishi huu wa "si mtu wetu" niliusikia kila mara mtu alipoumia.

GRI 403, kiwango cha afya na usalama kazini, toleo la 2018, haiulizi nani anamlipa mfanyakazi. Inauliza nani anaisimamia kazi yake au mahali anapoifanyia. Inataka makundi mawili yaandikwe kila moja peke yake: waajiriwa, na wale wasio waajiriwa lakini kazi yao au mahali pao pa kazi pako chini ya usimamizi wa kampuni. Sasa muulize mkuu wako kwa heshima: laini ile ni ya nani? Nani aliyeizima ili kibarua apande? Kibali cha kazi kilitolewa na chumba cha udhibiti cha nani? Kama majibu yote matatu ni kampuni yenu, basi ajali zile tano zimo ndani ya taarifa yenu. Vilevile GRI 2-8 inataka mtaje idadi ya wafanyakazi wasio waajiriwa na kazi wanazozifanya, kwa hiyo hata mkiwaficha kwenye jedwali la ajali, watajitokeza kwenye jedwali la watu.

Tazama hesabu yenyewe inavyogeuka. Tuseme watu wenu 120 walifanya saa 240,000 kwa mwaka, na vibarua 90 wakafanya saa 180,000. Kiwango cha ajali kwa kila saa 200,000 kwa waajiriwa ni 0.83, yaani ajali moja mara 200,000, ugawe kwa 240,000. Kwa vibarua ni 5.56. Wote kwa pamoja ni 2.86. Mkichapisha 0.83 peke yake, msomaji ataamini kwamba kupanda nguzo kwenu ni salama sawasawa na kukaa ofisini, na hiyo ndiyo picha ambayo mkuu wako anaitaka, ingawa labda mwenyewe hajaitambua. Andika mistari yote mitatu. Taja pia kama umegawa kwa saa 200,000, ambazo ni sawa na watu 100 wakifanya saa 40 kwa wiki kwa wiki 50, au kwa saa 1,000,000. GRI inaruhusu zote mbili, lakini namba zinatofautiana mara tano, na nimewahi kuona kampuni ikijipongeza kwa "kupunguza ajali" kumbe ilibadilisha tu namba ya kugawia.

Kuhusu saa ambazo huna, zipo, ila haziko ofisini kwako. Kila kibali cha kazi kina saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa pamoja na idadi ya watu. Nyapara wa mkandarasi ana daftari la mahudhurio, kwa sababu bila hilo hawezi kulipa mtu Jumamosi. Kama daftari limepotea, omba karatasi za chakula cha mchana, kwani mpishi wa posho (ugali) na maharage hahesabu watu hewa kwa muda mrefu. Oanisha vyanzo hivyo, fanya makadirio, kisha sema wazi ndani ya taarifa kwamba ni makadirio na umeyafikiaje. Kuanzia mwaka ujao, mkataba umlazimishe mkandarasi kuleta saa na vichwa pamoja na ankara, na pasipo hivyo ankara isilipwe. Hapo hapo utagundua jambo jingine: kanuni zetu za ajira za mwaka 2011 haziruhusu mtu aendelee kuwa kibarua wa kutwa zaidi ya miezi minne, na daftari la nyapara litakuonyesha majina yaleyale kuanzia Januari hadi Desemba.

Usisahau watu wa nje. Viashiria ambavyo GRI ilivitunga mahsusi kwa kampuni za umeme vilikuwa na kimoja, EU25, kinachohesabu majeruhi na vifo vya wananchi vilivyohusisha mali ya kampuni. Waya ukianguka shambani na mtoto akaushika, huyo si mfanyakazi, lakini hesabu yake ni yenu. Hata aliyeunganishiwa umeme na kamyufu, yaani fundi asiye na leseni, na kuchomwa na waya wenu huandikwa. Waandike katika jedwali lao, na tafadhali usiandike neno "uzembe" kwenye safu ya chanzo kabla ya uchunguzi kukamilika.

Mhasibu_Kampala alijibu:

Mzee amemaliza suala la ajali, nami nitagusa ulinganisho wa miaka.

Kikosi kikihama, kila kiashiria cha nguvukazi kinaruka bila tabia ya kampuni kubadilika. Mfano ulio wazi kwetu sote ni wa tarehe 1 Aprili 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, ilipochukua usambazaji baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi ya Umeme kwisha. Ukichukua idadi ya waajiriwa wa UEDCL kabla na baada ya siku hiyo na kuiita "ukuaji wa ajira", utakuwa umesema uongo kwa kutumia namba za kweli, kwa sababu wengi walibadilisha mwajiri tu huku wakibaki kwenye transfoma zilezile. Kwenu fanyeni hivi: waliohamia waandikwe kwenye mstari wao, mbali na waajiriwa wapya wa kawaida wanaotakiwa na GRI 401, kiwango cha ajira, na saa zao zihesabiwe tangu siku waliyoingia tu. Idadi ya tarehe ya mwisho wa mwaka haifai kuwa msingi wa viwango. Tumia wastani wa miezi, au saa halisi.

Katika viashiria vile vya umeme alivyovitaja Mzee, kimoja hudharauliwa sana, nacho ni EU15: asilimia ya wafanyakazi watakaofikia umri wa kustaafu ndani ya miaka 5 na ndani ya miaka 10, kwa kila aina ya kazi. Wastani wa kampuni nzima hauna maana hapa. Unaweza kukuta ofisi imejaa vijana, wakati mafundi wa laini za volti 33,000 ni wanne na watatu kati yao wana miaka 56. Fundi wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo la gazetini. Vivyo hivyo kwa wanawake: asilimia 30 ya kampuni nzima inaweza kuwa wahasibu, makarani na wahudumu wa wateja watupu, huku kwenye ngazi na nguzo hakuna hata mmoja. Gawanya kwa aina ya kazi, hata kama jedwali litakuwa refu na lisilopendeza.

Mazingira_Mbale alijibu:

Sifuri hapana, dada. Hewa ukaa ya kampuni huhesabiwa katika makundi matatu yaitwayo wigo, na umeme wa maji unapunguza sehemu moja tu ya hesabu.

Wigo wa kwanza ni kile mnachokichoma au kukivujisha wenyewe: dizeli ya magari na jenereta, pamoja na SF6, gesi ya kuhami umeme iliyomo kwenye swichi za vituo vyenu. Gesi hiyo, kilo kwa kilo, inapasha joto angahewa zaidi ya mara 20,000 kuliko hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100, kwa hiyo kilo mbili ambazo fundi ameziongeza kwenye swichi inayovuja ni zaidi ya tani 40. Pimeni mitungi kabla na baada ya kila kazi. Hakuna njia nyingine ya kuaminika kwa kampuni ya ukubwa wenu.

Wigo wa pili kwa msambazaji ni upotevu: umeme mlioununua ukapotea katika nyaya na transfoma zenu. Mnapopunguza upotevu mnapunguza wigo huu, na pia mnaokoa fedha. Mwaka 2005 upotevu wa usambazaji nchini ulikuwa takriban asilimia 38, na baadaye ulishuka chini ya 20, jambo ambalo wahasibu walilishangilia kwa miaka mingi bila kuliita suala la mazingira. Tahadhari moja: tenganisha upotevu wa kiufundi na umeme unaoibiwa. Ule ulioibiwa uliwasha taa ya mtu. Umeme mnaowauzia wateja, mkiwa mmeununua kwa mzalishaji, uko wigo wa tatu, na hapo mtatumia kigezo cha gridi yetu (hewa ukaa kwa kila uniti ya umeme), ambacho ni kidogo lakini si sifuri, maana Namanve kuna mtambo wa mafuta mazito na viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa, ambayo hewa ukaa yake huandikwa kando kwa kuwa inatokana na mimea.

Ningependa pia muandike nguzo kuukuu zinakokwenda. Nguzo za mikaratusi zilizotibiwa kwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki hazifai kuwa kuni, kwa sababu aseniki haiteketei motoni, hubaki kwenye majivu na nyingine hutoka na moshi. Kiashiria ni rahisi: zilizong'olewa ngapi, zilizorudi stoo ngapi. Tofauti yake huwa inapikia mtu.

Afisa_Kaskazini alijibu:

Nawashukuru sana. Nimemwonyesha mkuu hesabu ya Mzee, mistari yote mitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mstari wa vibarua unaweza kuwekwa kwenye kiambatisho. Nimemjibu kwamba benki itasoma kiambatisho kwanza. Jedwali limebaki mahali pake, na nyapara mmoja tayari amenikabidhi madaftari manne yaliyoloa mvua, ambayo kwa sasa nayaanika dirishani.

Mzee wangu, nimebakiwa na swali moja. Mlinzi wa kituo chetu kidogo, aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi, aliteguka mguu usiku alipotumbukia kwenye mfereji wa nyaya uliokuwa wazi. Na dereva wa lori la nguzo alipata ajali barabarani akitoka kiwandani. Je, nao nawaandika?

Mzee_wa_Jinja alijibu:

Mlinzi mwandike, maana kituo ni chenu na mfereji ni wenu. Dereva, kama lori ni la kiwanda na safari imepangwa na kiwanda, ni wao watakaomwandika. Lakini kama angeumia akishusha nguzo ndani ya uzio wenu, angekuwa wako. Halafu nenda kaangalie kama ule mfereji umeshafunikwa.