Mgonjwa asiyepona akiomba afe, asaidiwe?

Mwana Ipogolo: Kamwene wakuu. Uholanzi na Ubelgiji sheria ipo tangu 2002: mgonjwa asiye na tumaini la kupona akiomba mwenyewe, daktari anaruhusiwa kumsaidia afe. Kanada wakafuata 2016. Kwetu Tanzania ukimsaidia mtu kujiua unakutana na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa nini tusiijadili? Saratani ya kizazi ikifika mwisho haisimuliki.

Chipsi Mwanjelwa: Mwenye kutoa roho ni mmoja. Na wanaoitaka hiyo sheria nawajua: mama bado anapumua, wao wako shambani wanahesabu miche ya parachichi.

Binti Tukuyu: Kaka, hilo la parachichi umemlenga nani? Mama nimemwogesha mimi, nimemgeuza usiku mgongo usifanye vidonda. Kaka zangu walikuwa wanatuma "pole sana" kwa simu. Alipofariki, basi la kukodi likapatikana, turubai likapatikana, na kamati.

Chipsi Mwanjelwa: Sijataja mtu. Umejijuaje?

Mzee wa Makete: Binti ana hoja. Mgonjwa akiwa kitandani kila ndugu ana majukumu, akifa nauli zinaonekana. Ila na nyie mnaouguza, wengine mnamshikisha mama kalamu hajitambui.

Binti Tukuyu: Shikamoo mzee, lakini hapo umenikosea. Shamba liko palepale na anayeuza parachichi ni kaka mkubwa.

Mwana Ipogolo: Jamani, mada.

Wakili Mtarajiwa: Kule Oregon, Marekani, madaktari wawili wanathibitisha kwamba mgonjwa hana zaidi ya miezi sita, na dawa anakunywa mwenyewe. Watoto hawaamui chochote. Kwa hiyo parachichi haihusiki.

Chipsi Mwanjelwa: Madaktari wawili! Zahanati ya kwetu hata mmoja hatuna. Halafu hao Kanada walianza na wanaokaribia kufa, 2021 wakaruhusu hata ambao kifo chao hakijakaribia. Hilo mmeliruka.

Nesi Mstaafu: Mnagombea shamba la watu. Wengi walioniomba wafe walikuwa wanaomba maumivu yaishe. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, unampa mdomoni kwa sirinji isiyo na sindano, kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu inafunga. Nilikuwa na mama mmoja anauma upindo wa khanga usiku kucha. Kesho yake akaniuliza kama chai ipo. Uganda wanaitumia hiyo ya maji tangu miaka ya tisini. Tuulizane kwanza tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyepona, inafika vijiji gani, ndipo tuje kwenye sindano ya kufia.

Binti Tukuyu: Mama hakuionja hiyo. Tulipewa panadol, tukaambiwa tukamwombee nyumbani.

Chipsi Mwanjelwa: Pole dada. Kweli.

Mwana Ipogolo: Nesi, na wale ambao morfini haiwatulizi?

Nesi Mstaafu: Wapo, wachache. Hao sina jibu lao, na sheria ya haraka haraka siiamini.

Wakili Mtarajiwa: Basi hao wachache ndio mada yenyewe!

Mzee wa Makete: Sawa. Binti, huyo kaka yako kilo anauza bei gani msimu huu? Huku madalali wanatunyonga.

Binti Tukuyu: Mzee, muulize yeye. Simu zangu hapokei.