Kuunganisha kozi ya historia na takwimu: tuanze na mada gani?

Wakuu, tunataka historia ya mwaka wa kwanza iende sambamba na takwimu, wanafunzi walewale 25 kote kuwili. Mada gani itabeba pande zote mbili bila kulazimishwa?

Jibu: Kipindupindu cha London, 1854. Kwenye takwimu wanahesabu vifo kuzunguka pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street. Kwenye historia wanachunguza kwa nini wakubwa wa afya waling'ang'ania kwamba ugonjwa unatokana na hewa chafu. Utamu uko hapa: mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, vifo vikiwa tayari vinapungua. Mwanafunzi akichora grafu ya siku kwa siku analiona mwenyewe, na ile hadithi ya shujaa John Snow, daktari anayesifiwa kwamba aliukomesha mlipuko kwa kushawishi mpini huo uondolewe, inaanza kuyumba.

Jibu: Mada safi, ila kinachoua mipango hii ni usajili. Mtu akiruhusiwa kuchukua kozi moja tu, mjadala wa pamoja umekufa. Zifungeni pamoja.

Jibu: Na kazi iwe moja, alama mbili: historia isahihishe hoja na vyanzo, takwimu isahihishe jedwali na grafu. Wiki 3 za pamoja zatosha. Mkiunganisha muhula mzima, historia hugeuka pambo la takwimu.