Mahema ya bei chee Kilimanjaro: fito zinavunjika kambi ya Barafu, anayekatwa malipo ni mgumu (mpagazi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina miaka 11 katika kazi ya upagazi Mlima Kilimanjaro, na kwa miaka minne ya mwisho jukumu langu katika msafara limekuwa kubeba na kusimamisha mahema ya kulala wageni. Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa nimekatwa shilingi 180,000 kufidia hema lililovunjika Barafu, hema ambalo tangu tukiwa stoo nilisema mbele ya wenzangu kwamba halifai kupelekwa mlimani. Kampuni sitaitaja, maana nina watoto wa kulisha na msimu ndio kwanza unaanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa hayajakatika vizuri. Bosi alinunua mahema manane mapya kwa mpigo na akayapokea kwa furaha kubwa, kwa sababu yalikuwa marefu kiasi cha mtu mzima kusimama ndani, yana madirisha, na rangi yake inapendeza kwenye picha. Nilipofungua mfuko wa kwanza nikakuta fito za fibaglasi, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na kitambaa cha nje kinachofunika kichwa cha hema tu na kuacha kuta wazi kama shati lililokosa mikono. Nikamwambia, "Bosi, hili ni hema la ufukweni. Juu kule halitalala usiku mmoja." Akanijibu kwamba mimi kazi yangu ni kubeba, na kwamba kwenye lebo pameandikwa milimita 3,000.

Hapo kwenye milimita 3,000 ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Namba hiyo hupatikana kwa kupima kitambaa kinaweza kuhimili safu ya maji ya urefu gani kabla hakijaanza kupitisha, kwa hiyo milimita 3,000 ni safu ya mita tatu, na kwa kitambaa cha juu hiyo si haba hata kidogo. Lakini namba hiyo inasema habari za kitambaa peke yake. Haisemi lolote kuhusu mishono, na mshono ni msururu wa matundu ya sindano yasiyozuia maji mpaka yazibwe kwa utepe kwa upande wa ndani. Mahema yale hayakuwa na utepe isipokuwa kwenye sakafu. Usiku wa kwanza, kambi ya Machame, mvua ya msituni ilinyesha kuanzia saa moja jioni, na kufika saa tatu wageni wa mahema mawili walikuwa wanatuita kwa tochi, maji yakidondoka katikati ya dari ambapo vipande viwili vya kitambaa vimekutana. Asubuhi yake mwenzangu alipaka nta ya mshumaa kwenye mishono ile. Ilisaidia kiasi, lakini mgeni aliyelipa fedha nyingi namna ile hapaswi kulindwa kwa mshumaa.

Nitakuwa mwadilifu: si kila unyevu ndani ya hema ni kuvuja. Watu wawili wakilala ndani huku wamefunga kila tundu kwa sababu ya baridi, pumzi yao hugeuka maji kwenye kitambaa, na kule juu maji hayo huganda yakawa barafu nyembamba, kisha jua likichomoza yanadondoka kama mvua na mgeni analalamika kwamba hema limetoboka. Dawa yake ni kuacha matundu ya juu wazi na kuhakikisha kitambaa cha nje hakigusani na cha ndani. Hilo nawaeleza wageni wangu kila safari. Kilichotokea Machame, hata hivyo, hakikuwa pumzi ya mtu.

Kambi ya Shira tulipita salama. Kambi ya Barranco, karibu mita 4,000, upepo ulianza kushuka usiku kutoka kilele cha Kibo, na ule urefu ambao bosi aliusifia ukaanza kutugharimu, kwa kuwa hema refu lenye kuta zilizosimama wima hushika upepo kama tanga la dau, wakati hema fupi lililoinama pande zote huuachia upepo upite juu yake. Tuliamka mara tatu kukaza kamba. Kambi ya Karanga kulikuwa na mteremko lakini kulikuwa kimya, nikalala.

Usiku wa tano tulikuwa Barafu. Ambaye hajafika pale nimweleze kwa kifupi: ni mgongo wa mawe karibu na mita 4,700, hakuna mti, hakuna kichaka, hakuna hata maji, ambayo tunayabeba kutoka Karanga. Udongo wa kupigilia kigingi ni wa kutafuta kwa tochi. Mahali penye kinga ni pachache, na msafara unaochelewa unapewa ukingo. Sisi tulifika mapema, lakini kambi ilikuwa imejaa, tukapata sehemu iliyo wazi upande mmoja.

Sasa naomba mnivumilie nieleze kazi tuliyoifanya pale, kwa sababu hoja ya bosi ni kwamba "hamkulisimamisha vizuri". Tuliokota mawe yenye ncha kwanza, tukasawazisha sakafu. Tuliliweka hema upande wake mwembamba ukielekea upepo na mlango ukiwa kinyume chake. Kabla ya kuinua chochote tulifunga pembe mbili za upande wa upepo, mmoja wetu akiwa ameshikilia kitambaa kwa mwili wake, kwa sababu hema likikuponyoka Barafu unalifuata bondeni. Fito tuliziingiza kwa kuzisukuma na si kwa kuzivuta, maana ukivuta, vipande vinaachana ndani ya kitambaa na mpira unaovishikanisha unakatika. Kwa kuwa vigingi havikuingia, tulifunga kila kamba kwenye jiwe dogo, tukalilaza chini, kisha tukaweka jiwe kubwa mbele yake ili kamba ikivutwa jiwe dogo lizuiwe na lile kubwa. Anayefunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe kubwa atahangaika kila ikilegea, na mawe ya volkano yana makali, yanasaga kamba usiku kucha kama msumeno.

Na hapa nakiri kosa letu moja, kwa kuwa sitaki kuonekana malaika. Kamba ya pembe ya kushoto tuliifunga kwenye jiwe kubwa kwa haraka, kwa sababu wageni walikuwa wamekwisha kuingia kambini wakiwa hoi na wanahitaji kulala kabla ya kuamshwa saa tano kwa safari ya kileleni. Kamba ile nilikuta imesagika nusu. Haikukatika, lakini ilisagika, na ningekuwa mkaguzi ningeiandika.

Kilichovunja hema ni fito. Mnamo saa tatu na nusu usiku upepo uliongezeka, nikasikia mlio kama muwa unaovunjwa gotini, kisha wa pili. Fibaglasi haina onyo: hupasuka kwa urefu, vinyuzi vyake vinachomoza kama miba, na miba hiyo inachana kitambaa kabla hujafika na tochi. Alumini nzuri hupinda kwanza, na ikipinda unaweza kuinyoosha polepole, au ukavisha kipande cha bomba pale ilipoumia ukafunga kwa utepe wa gundi na ukaendelea na safari. Fibaglasi iliyopasuka sehemu mbili ni kuni, na hata kuni haifai.

Kibaya zaidi, hema lile lilikuwa na fito mbili tu zinazokutana mara moja kileleni. Katika hema la mlimani fito huwa tatu, nne au zaidi, na hukatana sehemu nyingi, kiasi kwamba upepo ukisukuma ukuta mmoja nguvu yake inagawanywa kwa mifupa yote. Vilevile, kwa ndani ya kitambaa cha nje kunakuwa na vitanzi vya kufungia kwenye ufito, mahali palepale kamba ya nje inapoanzia, ili kamba ivute ufito na si kuvuta nguo tupu. Nilivitafuta vitanzi hivyo kwenye hema la bosi. Havikuwapo. Tulikuwa tumekaza kamba kwa bidii yote ile ili kushikilia kitambaa, na mifupa yenyewe ikawa inacheza ngoma peke yake.

Wageni waliokuwa ndani, mama mmoja wa makamo na binti yake, tuliwahamishia kwenye hema la kulia chakula, wakakaa kwenye viti wakiwa wamejifunika mifuko yao ya kulalia mpaka muda wa kuondoka. Binti alifika kilele cha Uhuru. Mama aliishia Stella Point, ukingoni mwa kreta, chini kidogo ya kilele, na aliposhuka alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba mwili wake ulikuwa tayari ila usingizi haukumtosha. Nilitamani ardhi inimeze. Bahasha ya tipu ilipofunguliwa lango la Mweka, tuliposhukia, ilikuwa nyembamba, na siwalaumu.

Tuliporudi Moshi nilidhani nitaitwa kutoa maelezo. Nikaitwa kusaini makato. Bosi aliniuliza, "Mbona hema la wenzako la msafara mwingine halikuvunjika?" Nikamjibu kwamba msafara ule ulikuwa na mahema ya zamani ya fito za alumini, kama yale aliyoyauza ili anunue haya. Hakujibu. Mgumu mwenzangu, kijana wa msimu wake wa kwanza ambaye alifuata maelekezo yangu tu, naye alikatwa kiasi hicho hicho.

Kuna jambo jingine ambalo kampuni hazitaki kulisikia, nalo ni matunzo. Tunashuka na mahema yenye maji, na kwa kuwa kundi jingine linaondoka kesho yake, tunaamriwa kuyakunja hivyo hivyo na kuyatupa stoo. Utando unaozuia maji ukikaa na unyevu namna hiyo huoza, ukawa unanata kama gundi na kutoa harufu chachu ambayo mgeni anadhani ni matapishi. Wakati mwingine hufanyika kinyume chake, hema linaachwa uani juani siku nne, na jua nalo hula kitambaa, hasa nailoni, ambayo inachoka kwa jua haraka kuliko poliesta. Hema linatakiwa kukaushwa kivulini, likipigwa na upepo, vumbi la volkano likifutwa kwenye zipu kwa brashi na kitambaa chenye maji, kwa kuwa vumbi hilo ndilo linalomaliza meno ya zipu. Ni kazi ya nusu siku. Hakuna anayeilipia, kwa hiyo haifanyiki.

Wapo watakaosema mahema imara ni ghali na ni mazito, na mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20 kinachopimwa getini. Ghali, nakubali. Uzito sikubali, kwa sababu hema zuri la watu watatu la fito za alumini nimelibeba miaka mingi na lilikuwa na kilo tano hivi, wakati mojawapo ya haya marembo, likiwa na maji, lilivuka kilo tisa kwenye mizani. Mzigo mkubwa ni wa lile baya. Nimewahi hata kuona sokoni Memorial hema la mtumba lenye mshono uliozibwa vizuri na fito zilizonyooka, likiuzwa kwa bei ambayo bosi wangu anaitumia kwa chakula cha mchana cha wiki. Unachohitaji ni mtu anayejua kugeuza kitambaa ndani-nje, kukivuta kwa vidole kuona kama kinachanika kama karatasi kuukuu, kunusa, na kulisimamisha palepale sokoni kabla ya kutoa fedha. Lakini anayejua hayo haulizwi. Anayeulizwa ni mwenye kalamu, ambaye mara ya mwisho kulala Barafu ilikuwa kabla mimi sijaoa, kama aliwahi.

Madai yangu ni matatu na nimeyaandika kwa barua. Nirudishiwe shilingi 180,000, na kijana yule arudishiwe zake. Mahema saba yaliyobaki yasipandishwe juu ya msitu. Na hema lolote jipya lisimamishwe kwanza uani na wagumu wenyewe, likiwa na kamba zote, kabla ya kununuliwa mengine ya aina hiyo. Barua niliipeleka Jumatatu, katibu akaipiga muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo.

Jana jioni orodha ya msafara wa Jumamosi ilibandikwa. Tunaingia kwa lango la Machame, wageni 10, na mimi nimepangiwa hema namba tatu, ndugu wa lile lililovunjika. Nimekwenda kwa fundi nikakatiwa vipande sita vya bomba la alumini vya kuvalisha fito, kila kimoja urefu wa shubiri moja, na nimenunua kamba mita 40. Fedha zimetoka mfukoni mwangu. Risiti nimeiambatisha kwenye barua ya pili.