Moto wa kambi kuwashwa kwa mbali: betri na waya, kibati cha kuteleza, au mwenge wa mpini mrefu?

Mlezi_Mlali
Habari za jioni wakuu. Ijumaa ijayo tunafungua kambi ya skauti hapa Mlali na mimi nimekabidhiwa moto wa usiku wa kwanza. Nataka uwake bila mtu kuusogelea. Nimefikiria betri na waya mrefu, mwishoni nifunge stiliwaya ya kusugulia masufuria. Au kibati chenye moto kiteleze kwenye waya kutoka juu ya mti mpaka kwenye kuni. Au mwenge wa mpini mrefu basi. Kuna fundi pia ananiambia anaweza kutengeneza cha kuwasha kwa simu. Jumatano nakwenda Morogoro mjini kununua vifaa. Kipi bora?

FundiWaya
Mkuu, umetuachia giza. Mbali ni hatua ngapi? Kuni kavu au mbichi? Watoto wangapi na wanakaa upande gani wa upepo? Hujasema hata kwa nini mtu asisogee. Kuni zikipangwa vizuri, njiti moja ya kiberiti inatosha.

Mlezi_Mlali
Hatua kama ishirini. Watoto mia na ishirini hivi. Mgeni rasmi ndiye atakayewasha.

FundiWaya
Sawa. Mimi ni mtu wa umeme, ningechagua betri. Ila stiliwaya inayoshika moto ni ile ya kijivu, laini kama nywele. Ile ya kung'aa iliyojiviringisha, inayouzwa kila duka, inapata moto tu na haiwaki. Wengi wanakwama hapo. Na kwa hatua ishirini, waya mwembamba wa spika unakula nguvu nyingi njiani.

Shangazi_Nyeri
Mimi niko Kenya, kiongozi wa skauti hapa Nyeri alikozikwa Baden-Powell. Ndugu yangu, chukua mwenge. Nina swali moja kwa wanaopenda betri na simu: mgeni akibonyeza na moto usiwake, nani ataenda kuangalia? Atakwenda kijana, atainama juu ya kuni, na huku nyuma mtu mwingine anajaribu kubonyeza tena. Mwenye mwenge anaona moto wake kwa macho, na akiona mtoto amesogea anasimama. Kibati cha kuteleza nacho kikinasa katikati ya waya, kitadondosha moto kwenye majani makavu.

Mtanga_Asili
Dada Shangazi kasema kweli. Naongeza: kiota cha moto ndicho kazi, si kiwashio. Sisi pwani tunatumia makumbi ya nazi. Unayachambua mpaka yawe nyuzi, unaweka katikati, juu vijiti vyembamba kama penseli, kisha vifuu viwili vitatu. Vifuu vikishashika vinawaka vyenyewe.

Mufindi_Baridi
Makumbi Morogoro utayatafuta. Huku kwetu jirani na msitu wa paini wa Sao Hill tunachukua vipande vya paini vyenye utomvu, vile vyekundu vizito. Hata vikinyeshewa vinawaka.

Mlezi_Mlali
Asanteni. Nilisahau kusema, kuni zimenyeshewa juzi. Mwenzangu ameshanunua petroli lita tano tumwagie kabla sherehe haijaanza. Ndiyo maana nataka mtu akae mbali.

MamaKambi
Mlezi, tafadhali soma hadi mwisho. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mpishi kwenye kambi ya vijana. Kuni zilikuwa na maji kama zako. Kiongozi mmoja akamwaga petroli, kidumu kizima, halafu hotuba zikaanza. Zilichukua robo saa. Jioni ilikuwa imetulia, hakuna upepo kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa na sufuria la uji na niliisikia harufu mpaka pale nilipo, nikadhani ni ya kidumu. Kijana aliyebeba mwenge alikuwa bado hatua sita kutoka kwenye kuni. Moto haukumngoja afike, ulimfuata yeye. Ulipita chini kwa chini, samawati, juu ya majani, kisha ukalipuka "bwaa" na kuni za juu zikaruka. Kijana aliungua nyusi na mikono yote miwili. Mtoto wa mstari wa mbele aliungua mguu. Watu wakakimbilia dawa ya meno, mimi nikawafukuza, nikamwagia mguu maji ya bomba dakika ishirini nzima. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli usiku nasimama.

FundiWaya
Pole sana mama. Ndivyo inavyokuwa: petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi kali, na mvuke ule ni mzito kuliko hewa, unatambaa ardhini kutafuta moto. Hatua ishirini hazikulindi, na hao watoto wamekaa hatua ngapi? Mlezi, nafuta ushauri wangu wa betri. Rudisha hiyo petroli.

Shangazi_Nyeri
Na waulize wenzako wasijaribu mafuta ya taa kwenye moto uliokwisha kuanza kufifia. Hilo nalo limeunguza wengi jikoni.

Babu_Kiswahili
Mbona hakuna aliyetaja kupekecha? Wazee walikuwa na ulindi na ulimbombo: kijiti kigumu kinapekechwa juu ya kilaini mpaka unga wake utoe moshi. Skauti wangejifunza hilo mbele ya mgeni, ingekuwa heshima kubwa kuliko simu.

Mufindi_Baridi
Babu, nakuheshimu, lakini mgeni rasmi hawezi kupekecha kwa suti. Vijana waanze mchana, moto uhifadhiwe kwenye jiko, usiku mgeni auchukue kwa mwenge.

Babu_Kiswahili
Hapo nakubali. Ila wasiweke mnyaa kwenye kuni. Utomvu wake ni hatari kwa macho, na moshi wake unawasha.

Mtanga_Asili
Wala mkaratusi mbele ya watoto. Unarusha cheche. Mvinje ndio kuni.

Mufindi_Baridi
Mvinje Mlali? Atumie mgunga.

Mlezi_Mlali
Nimempigia mwenzangu, tumebishana sana, anasema kila mwaka wanamwagia na halijatokea neno. Kesho nitaonana naye ana kwa ana. Kuni nimezihamishia chini ya paa la bwalo. Mtanga, makumbi gunia moja kwa basi la Tanga–Moro litanigharimu shilingi ngapi?

Mtanga_Asili
Niulize kesho asubuhi, nikifika stendi nitakujibu.